Ngoma na Kura katika Gazeti la Mtaa

Wanaoandika historia ya siasa hupenda kuanza na mabunge, mikataba na hotuba za wakubwa. Ni nadra kumwona mmoja wao akianza na tangazo la dansi. Lakini katika mji wa New York limekuwako gazeti ambalo habari zake haziwezi kusimuliwa sawasawa bila ya kuanzia hapo. Mtu alilinunua ili ajue ni klabu ipi itakayokuwa na muziki usiku wa Ijumaa, nani atapiga, na kiingilio ni kiasi gani. Alilifungua, na kabla hajaifikia orodha hiyo alimkuta mtu anayeomba kura yake akichezewa shere. Alitafuta ngoma, akakutana na siasa.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakukaa pamoja kwa bahati tu. Ngoma ndiyo iliyolipa gharama ya mzaha, na mzaha ndio uliowaleta karibu na sanduku la kura watu ambao hotuba zisingewaleta. Tutaona pia kwamba mzaha una miiko yake, na kwamba ngoma ilipohama mzaha ulibaki kama yatima aliyeondokewa na mlezi.

Gazeti lenyewe ni The Village Voice. Toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 26 Oktoba 1955, nalo liliuzwa kwa senti 5. Walioliasisi ni Edwin Fancher, Daniel Wolf na Norman Mailer, wote watatu askari wa zamani wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na John Wilcock, mwandishi aliyetoka Uingereza. Mailer alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa kwa riwaya yake ya vita. Aliandika safu katika gazeti hilo mwaka 1956, kisha akaiacha kwa hasira baada ya miezi michache, na moja ya sababu ilikuwa makosa ya chapa yaliyoharibu maneno yake. Gazeti lililozaliwa katika ugomvi juu ya neno moja halikuwa na budi kukua likiheshimu maneno na kudharau vyeo.

Mtaa wa Greenwich Village ulio Manhattan ulikuwa na mchanganyiko wa watu ambao si rahisi kuupata mahali pengine: Wataliani na Waayalandi wafanya kazi, wanafunzi wa chuo kikuu, wachoraji, waimbaji, na vijana waliokimbia miji midogo ya bara wakitafuta kodi nafuu na macho yasiyowahukumu. Usiku ndio uliokuwa mchana wa mtaa huo. Klabu ya Village Vanguard ilikuwapo tangu mwaka 1935. Mwaka 1938 ilifunguliwa Café Society, ambamo watu weusi na watu weupe walikaa meza moja, jambo ambalo vilabu vingi vya mjini havikuliruhusu wakati huo. Katikati ya miaka ya 1950 Five Spot ikawa makao ya jazi mpya, na mwaka 1961 kijana mmoja aitwaye Bob Dylan alikuwa akipiga gitaa katika klabu ya Gerde's Folk City.

Msomaji asidhani kwamba orodha ya starehe hizo ilikuwa jambo la upuuzi. Tangu mwaka 1926 mji wa New York ulikuwa na sheria iliyokataza watu kucheza dansi katika nyumba ya chakula na vinywaji isiyokuwa na leseni maalumu. Katika miaka ya 1940 ikaongezwa amri kwamba kila mwanamuziki na kila mtumishi wa nyumba hizo awe na kadi iliyotolewa na polisi. Aliyenyang'anywa kadi alinyang'anywa riziki. Billie Holiday, baada ya kufungwa mwaka 1947, hakupata tena ruhusa ya kuimba katika vilabu vya mji huo. Thelonious Monk aliikosa kadi yake tangu mwaka 1951 hadi 1957, na mara alipoirudishia mkononi akaingia Five Spot, ambako watu walimiminika kumsikiliza. Amri ya kadi iliondolewa mwaka 1967. Ile sheria ya dansi yenyewe iliishi hadi mwaka 2017.

Kwa hiyo, kila jina lililochapwa katika orodha ya vilabu lilikuwa jina la mtu ambaye dola ilikuwa imemkubalia kupiga muziki. Gazeti lililotangaza nani atapiga usiku wa leo lilikuwa, kwa kutaka au kutotaka, likitangaza pia mipaka ya uhuru wa watu. Kijana aliyekuta klabu aipendayo imefungwa aliuliza ni nani aliyeifunga, na jibu la swali hilo halikuwa katika kurasa za muziki. Lilikuwa katika kurasa za siasa, karatasi chache kabla ya pale alipokuwa anasoma.

Tuje sasa kwenye fedha, maana gazeti haliendeshwi kwa upepo. Miaka ya mwanzo The Village Voice lilikula hasara. Lakini polepole lilipata wateja ambao magazeti makubwa hayakuwajali: mwenye klabu ya viti 60, mwenye duka la vitabu vilivyotumika, kikundi cha michezo ya kuigiza kilichofanyia kazi yake katika chumba cha chini, na mtu anayetafuta mwenzake wa kugawana kodi. Matangazo yao yalikuwa madogo madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kisha tarehe 8 Desemba 1962 wachapaji wa magazeti makubwa ya New York waligoma, na mgomo ukadumu siku 114. Mji mzima ukawa na njaa ya habari. Watu waliokuwa hawajapata kulisikia gazeti la mtaani wakalinunua, na mgomo ulipokwisha wengi wao hawakuliacha.

Hivyo ndivyo mzaha ulivyopata chakula. Na mzaha wa gazeti hili ulikuwa wa namna yake. Wolf, aliyekuwa mhariri hadi mwaka 1974, aliwapenda waandishi ambao hawakufundishwa kazi hiyo katika vyumba vya magazeti makubwa. Mwandishi aliruhusiwa kusema "mimi", kueleza alisimama wapi, aliona nini, na alichoka wakati gani hotuba ilipokuwa ikiendelea. Aliruhusiwa pia kumpinga mwandishi mwenzake katika toleo lile lile, na wasomaji waliwatukana wote wawili katika ukurasa wa barua. Jules Feiffer, aliyeanza kuchora humo mwaka 1956, aliwachora watu wakijieleza wenyewe hadi maneno yao yakawaumbua. Mary Perot Nichols aliandika safu ya siasa za mji kwa ukali wa jirani ambaye uchafu umetupwa mlangoni kwake.

Neno linalofaa kwa jambo hili twalo katika lugha yetu: ni utani. Mtani si adui wala si mgeni. Ana haki ya kusema lisilosemeka kwa sababu yu karibu, na kwa sababu kesho atakutana na yule aliyemtania. Waandishi wa Village walikutana na wanasiasa wao katika mikahawa ile ile, wakanunua mkate katika duka moja, wakapanga foleni moja siku ya kura. Ukaribu huo ndio uliompa mtani ujasiri, na ndio uliomzuia kusema uwongo mtupu.

Ili kuelewa kazi ya utani huo yapasa kujua jinsi uchaguzi wa Marekani unavyokwenda. Wabunge wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka 2, kila mmoja kwa jimbo lake. Lakini katika sehemu kubwa ya Manhattan chama cha Democratic kilikuwa na nguvu kiasi kwamba shindano la kweli lilikuwa ndani ya chama chenyewe, katika uchaguzi wa kumteua mgombea. Waliojitokeza kupiga kura hizo walikuwa wachache. Kwa miaka mingi wakubwa wa jumuiya ya Tammany Hall walizijua kura hizo hata kabla hazijapigwa.

Mkubwa wa mwisho mwenye nguvu wa jumuiya hiyo alikuwa Carmine DeSapio, mkazi wa Village mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole, aliyevaa miwani ya giza kwa ajili ya maradhi ya macho. Miwani hiyo ikawa riziki ya wachora katuni, maana ilimfanya aonekane kama picha ya kila hila ambayo watu waliishuku. Wapinzani wake waliunda jumuiya yao ya vijana wa chama mtaani, na gazeti likawa upande wao. Haki yataka tuseme kwamba DeSapio hakuwa na makosa katika kila jambo. Watu wa mtaa walipopigana ili barabara ya magari isipitishwe katikati ya uwanja wa Washington Square, naye aliwaunga mkono, na uwanja ukafungiwa magari mwaka 1958. Hata hivyo mwaka 1961 alishindwa katika uchaguzi wa kiongozi wa chama mtaani. Alipojaribu kurudi mwaka 1963 alishindwa tena, safari hii na mwanasheria aitwaye Edward Koch, kwa kura 41. Uchaguzi uliporudiwa mwaka 1964, Koch alishinda kwa kura 164.

Tuzitazame hesabu hizo kwa makini. Watu 41 hawajazi hata klabu moja ndogo ya jazi. Ikiwa watu hao walikuwa miongoni mwa wale waliolinunua gazeti kwa ajili ya orodha ya muziki, wakasoma na yale mengine wakiwa wanasubiri kahawa, basi orodha hiyo ilifanya kazi ambayo mwenye klabu hakuikusudia. Hatuwezi kuzipima nyoyo za wapiga kura, lakini twaweza kusema hivi: pale ambapo ushindi ni wa kura chache, kila kitu kinachomfanya mtu mmoja azijue siasa za mtaa wake kina uzito.

Koch hakuishia mtaani. Mwaka 1968 aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi katika jimbo lililochanganya nyumba za matajiri wa upande wa mashariki na vichochoro vya Village. Kiti hicho kilikuwa mikononi mwa chama cha Republican tangu miaka ya 1930, na John Lindsay alikuwa amekikalia kabla ya kuwa meya. Koch alikitwaa. Mwanasheria wa mtaani, aliyeanza kwa kumshinda mkubwa wa chama kwa kura 41, akaenda Washington.

Miaka 2 baadaye, katika jimbo jirani, ulitokea uchaguzi uliowapa watani kazi zaidi. Leonard Farbstein alikuwa bungeni tangu mwaka 1957. Akapingwa ndani ya chama na Bella Abzug, mwanasheria mzaliwa wa Bronx, mkazi wa Village, mpinzani wa vita vya Vietnam, mwenye sauti ya kuvunja kioo na kofia kubwa isiyomtoka kichwani. Kofia hiyo ilikuwa na historia. Alipokuwa mwanasheria kijana aliivaa ili watu wasimdhanie kuwa karani wa ofisi. Katika kampeni ikawa chambo cha kila mwenye kalamu ya mzaha. Lakini Abzug alijua utani. Watu wakisema kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, yeye alikubali, kisha akalichezea neno la Kiingereza lenye maana ya nyumba na pia ya Baraza la Wawakilishi: nyumba aliyoikusudia ni ile ya wabunge. Basi kijembe kilichotupwa kumchoma akakidaka, akakirudisha kikiwa kimenolewa.

Mwezi Juni 1970 alimshinda Farbstein, na Novemba akamshinda Barry Farber, mtangazaji wa redio. Siku ya kwanza ya kazi yake bungeni, Januari 1971, aliwasilisha azimio la kutaka majeshi yaondolewe Vietnam. Waliomcheka kwa kofia walilazimika sasa kujibu hoja. Hapo ndipo twaona tofauti ya mzaha wenye faida na mzaha wa bure. Mzaha wa bure huishia kwenye kofia. Mzaha wenye faida huanzia kwenye kofia kisha humwuliza aliyeivaa atapiga kura gani.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Kuna wakati mtani wa Village aliisahau miiko. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 polisi walivamia baa ya Stonewall Inn, iliyokuwa karibu na ofisi ya gazeti, ambamo walikusanyika watu wanaopenda wa jinsia yao. Safari hiyo wateja walikataa kutawanyika, na mapambano yakaendelea kwa siku kadhaa. Waandishi wa The Village Voice walikuwapo, wakaona yaliyotokea. Lakini maneno waliyoyatumia kuwaeleza watu wale yalikuwa ya dharau. Mwezi Septemba mwaka ule ule watu hao waliandamana mbele ya ofisi ya gazeti, wakilalamika pia kwamba matangazo yao madogo yalikataliwa kwa sababu ya neno waliloitumia kujitaja. Gazeti likakubali kubadili mwenendo.

Kisa hiki kina funzo kubwa kuliko ushindi wa mwaka 1963. Kumtania mwenye miwani ya giza anayetawala chama ni ujasiri. Kumtania anayetoka mbio mbele ya rungu la polisi si utani, ni kulisaidia rungu. Na yafaa kukumbuka kwamba walioonewa walikuwa wateja wa zile zile starehe za usiku zilizolilisha gazeti. Mtani alikuwa amekula kwao, kisha akawacheka.

Hatari ya pili ni mtani kupenda kiti. Mwaka 1969 Mailer aligombea umeya wa New York pamoja na mwandishi Jimmy Breslin, akitaka mji huo uwe jimbo la 51 la Marekani. Kampeni yao ilichekesha, na Mailer akawa wa 4 kati ya wagombea 5 wa chama. Wolf naye alikuwa rafiki wa Koch, na Koch alipokuwa meya mwaka 1978 Wolf akawa mmoja wa washauri wake. Gazeti lingeweza kufa hapo kwa ulafi wa heshima. Halikufa, kwa sababu waandishi wengine hawakuona kwamba urafiki wa mhariri wa zamani unawafunga wao. Mwaka 1988 Jack Newfield na Wayne Barrett, waandishi wa gazeti lile lile, walitoa kitabu juu ya ufisadi uliostawi katika utawala wa Koch. Mtaa uliomlea ndio uliomwita barazani ajieleze.

Mfano wa gazeti hili ulienea. Mwaka 1971 lilianzishwa Chicago Reader, lililogawiwa bure, kwa kuwa matangazo ya muziki na vyumba yalitosha kulilipia. Miji mingi ikapata gazeti la namna hiyo, na mwaka 1978 wenye magazeti hayo wakaunda chama chao. Mahali ambapo gazeti kubwa lilimpa mgombea wa bunge aya 2, gazeti la wiki lilimpa kurasa nzima, likamwuliza maswali yasiyo na adabu, na nyuma ya majibu yake likachapa mahali pa kucheza dansi.

Mwisho wake ulikuja kwa njia ambayo hakuna meya aliyeipanga. Mwaka 1995 Craig Newmark alianza mjini San Francisco orodha yake ya barua za kompyuta, ikawa Craigslist, na matangazo ya vyumba na vitu yakahamia huko, mengi yao bila malipo. Vilabu navyo vikajifunza kujitangazia vyenyewe. Mwaka 1996 The Village Voice lilianza kugawiwa bure Manhattan. Bado lilikuwa na nguvu: mwaka 2000 mwandishi wake Mark Schoofs alipata tuzo ya Pulitzer kwa makala juu ya UKIMWI katika Afrika, kazi ambayo gazeti la mtaa lisilo na mapato lisingeithubutu. Lakini fedha zilikauka. Boston Phoenix lilifungwa mwaka 2013. The Village Voice liliacha kuchapwa kwenye karatasi Septemba 2017, likafungwa Agosti 2018, kisha likafufuliwa mwaka 2021 likiwa dogo kuliko lilivyokuwa.

Yuko atakayesema kwamba hapana hasara, kwa sababu mzaha juu ya wabunge haujapungua. Umejaa katika kila simu. Ni kweli umejaa. Lakini mzaha huo kwa kawaida humlenga rais au mbunge mashuhuri ambaye nchi nzima yamjua. Yule anayegombea kiti cha jimbo dogo, katika uchaguzi wa ndani ya chama ambao kura chache huuamua, hana mtani. Na anayemcheka kiongozi kutoka mbali hatakutana naye dukani kesho, wala hana la kumzuia asiseme uwongo. Tena, ngoma na kura zimetenganishwa. Kijana wa leo hupata jina la klabu kwa kugusa kioo mara moja, na katika safari hiyo fupi hapiti mlangoni kwa mbunge wake.

Hasara kubwa ni hiyo: kutoweka kwa njia iliyomlazimu mpenda starehe apite mbele ya siasa za mtaa wake. Magazeti yale hayakumhubiria msomaji kwamba kupiga kura ni wajibu. Yalijua alikuwa na haraka, ana viatu vya kuchezea dansi miguuni, na usiku ni mfupi. Yakamsimamisha kidogo tu, yakamchekesha, yakamwacha aende. Naye akaenda akilijua jina la mtu anayeitaka kura yake.